Soksi Iliyopigwa Pasi

Kazi ya dobi ni kazi ya kusimama. Anayedhani ni kazi ya mikono hajawahi kushika pasi ya mkaa tangu asubuhi hadi jioni. Mkono unaongoza tu; kinachonyoosha suruali ni uzito wa mtu mzima unaoshuka kutoka begani, ukapita kiunoni, ukapokewa na miguu miwili iliyokanyaga sakafu sawasawa. Maneno hayo Pasi Moja aliambiwa na baba yake siku aliyorithishwa meza, na baba aliyasema akiwa ameketi kitini, kwa sababu mguu wake wa kushoto ulikuwa umekatwa juu ya goti. Mzee alikaa kwenye kiti kile miezi kumi na moja, akafa. Viatu alivyonunua kabla ya kukatwa vilibaki juu ya kabati la duka, cha kulia kimelika soli, cha kushoto kipya. Hakuna aliyethubutu kuvitupa.

Jina la Pasi Moja alipewa na wateja kwa sababu nguo yake hairudiwi. Pasi ikipita, imepita. Mkewe alikuwa akifua nyuma ya duka, yeye akinyoosha mbele, na kati yao kulikuwa na pazia na maneno. Maneno mengi yalikuwa ya mke. "Baba watoto, shati lako lina mikunjo utadhani umelala ndani ya ndoo," alikuwa akimwambia mbele ya watu, na watu walicheka kwa sababu ni kweli. Miaka ishirini na sita ya kazi, nguo za Pasi Moja mwenyewe hazikuwahi kuonja pasi. Mganga hajigangi. Naye alikuwa na jibu lake: "Mimi ni kipimo. Mteja akiniangalia mimi, kisha akaliangalia shati lake, anaondoka ameridhika."

Sheria ya duka ilikuwa moja: doa halipigwi pasi. Nguo ikifika mezani na doa, hata likiwa dogo kama kichwa cha pini, aliirudisha nyuma ya pazia. "Joto linalifunga doa," alimwambia kila aliyesimama karibu, awe ameuliza au hakuuliza. "Ukishalipiga pasi, umelioa."

Na vidole vyake, jamani, vilikuwa vimekomaa hata akawa anapima joto la pasi kwa kuigusa. Mimi na wewe tungefanya hivyo mara moja tu maishani.

Ugonjwa ulianza kwenye shavu la mguu. Akitembea hatua mia mbili, nyama ya nyuma ya mguu inakaza kama nguo inayokamuliwa, mpaka asimame. Mguu wenyewe ni wa kushoto. Hapo ndipo hofu ilipomwingia, na ilipoingia haikuomba ruhusa. Kila jioni akirudi nyumbani alisimama mbele ya kibanda cha fundi cherehani, akajifanya anatazama vitambaa, kumbe anasubiri mguu umwachie. Fundi cherehani, mtu wa utani, akamwambia, "Mwaka mzima unaangalia kitambaa hichohicho. Kichumbie basi." Pasi Moja akacheka, akawasha sigara, akaendelea. Hakumwambia mtu. Alikuwa na kisukari, alikuwa na sigara, alikuwa na viatu vya baba juu ya kabati. Hesabu hiyo hata mtoto angeifanya, naye hakutaka kuifanya.

Aliyeifanya ni mkewe. Siku moja alitoka nyuma ya pazia akamkuta ananyoosha shuka huku amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Alichuchumaa, akamvua kiatu, akaushika ule mguu. Mikono ya mwanamke huyu inashinda kwenye maji ya baridi. Mchana kutwa ni mikono ya baridi, watoto wake wote wamekua wakiikimbia. Kisha akasema, "Mguu wako una baridi kuliko mikono yangu," na kesho yake asubuhi duka halikufunguliwa.

Daktari wa mishipa alikuwa mwanamke kijana, mpole, asiyependa kupamba neno. Alipitisha juu ya mguu kidude cha kusikilizia damu. Kwenye nyonga kilivuma, kwenye goti kikanong'ona, kwenye unyayo hakikusema lolote. Akachukua sindano akamdunga kidole kidogo cha mguu. Pasi Moja alikuwa anatazama kalenda ukutani, akaendelea kutazama kalenda. Hakuhisi, na damu haikutoka.

"Mzee wangu," daktari alisema, "mishipa chini ya goti imeziba karibu yote. Kwa kawaida tunashona njia ya pembeni ili damu izunguke. Kwako hakuna pa kushonea."

"Kwa hiyo mnakata," alisema Pasi Moja. Sauti ilikuwa yake lakini hakuitambua.

"Bado. Huenda tukafika huko. Ila kuna utafiti tunaufanya hapa, na unaweza kuingia ukipenda." Akavuta kiti akakaa karibu nao. "Ndani ya mifupa yako kuna uboho. Ndio unaotengeneza damu. Humo mna chembe changa, na mshipa wa damu ukijeruhiwa popote mwilini, unatoa ishara, na baadhi ya chembe hizo zinatoka mfupani, zinasafiri na damu mpaka kwenye jeraha, zinasaidia kuukarabati. Zamani tulidhani zenyewe zinageuka kuwa ukuta wa mshipa. Sasa wengi wetu tunaona zinafanya kazi ya msimamizi kuliko ya fundi. Zikifika, zinatoa vitu vya kuziamsha chembe za palepale, na hizo ndizo zinazojenga, zinachipusha vijishipa vidogo. Kwa mtu mwenye kisukari na sigara, chembe hizo zinakuwa chache, na zilizopo ni vivu. Kwa hiyo tunajaribu kuzichota kwenye nyonga na kuzipeleka sisi wenyewe mguuni."

Mkewe akasema, "Yaani wafanyakazi hawajui njia, mnawapakia gari." Daktari akasema ndivyo hivyo.

Pasi Moja alikuwa anafikiria jambo jingine. "Na zikijenga vibaya?"

Daktari hakumficha. "Hilo lipo. Wakati mwingine ukuta wa mshipa unajengwa kupita kiasi, njia ikabanwa na matengenezo yenyewe. Na kuna jambo la pili nataka ulijue kabla hujatia sahihi. Wote tunawachota uboho, lakini nusu tu ndio wanaodungwa uboho wao. Wengine wanadungwa maji ya chumvi. Ni bahati nasibu. Wewe hutajua, na mimi sitajua, mpaka bahasha zenye majibu zifunguliwe mwaka ukiisha."

Basi hapo ungemwona mtu mzima anavyoogopa. Hakulia, hakutetemeka, alikunja tu pindo la shati lake, akalikunjua, akalikunja tena kwenye mstari uleule. Mkewe akamwambia, "Maji ukishayavulia nguo, yaoge." Akatia sahihi.

Siku ya kuchotwa alilazwa kifudifudi. Walimpiga ganzi nyuma ya nyonga, lakini ganzi inaishia kwenye ngozi na juu ya mfupa. Mfupa wenyewe ndani hauna habari nayo. Sindano ilipoingia alihisi mtu anamsukuma kama unavyosukumwa mlango uliokwama. Kisha wakavuta. Alikuja kumwambia mkewe kwamba haikuwa kama maumivu yoyote anayoyajua. Ni kama kufyonzwa, kama kitu kilichokuwa chake tangu tumboni mwa mama kinaitwa kutoka mbali nacho hakitaki kwenda. Walivuta mara nyingi. Aling'ata kona ya shuka, na hata hapo, mjue dobi ni dobi, aliona kwamba shuka la hospitali lilipigwa pasi likiwa halijakauka vizuri.

Saa chache baadaye wakamdunga kwenye shavu la mguu, vitundu arobaini. Bomba la sindano lilikuwa limeviringishwa karatasi ya fedha ili mtu asione rangi ya kilichomo. Pasi Moja aliikodolea macho karatasi ile kama mtu anayetaka kusoma barua kupitia bahasha. Hakuona kitu.

Kabla ya kumruhusu, daktari alimpa masharti matatu. "Sigara, basi. Kila wiki mbili uje niuone mguu. Na usiupashe joto mguu huo hata siku moja, hata ukiwa baridi vipi. Hauna hisia, utaungua bila kujua. Mguu wa hivi ukiungua hauponi, unaoza." Pasi Moja aliitikia yote.

Sigara aliacha siku hiyohiyo, na fundi cherehani akalalamika kwamba amebaki mjane, hana wa kuvuta naye. Kliniki alikwenda mara tatu. Kila mara kidude kilipitishwa, na kila mara daktari aliandika kitu bila kusema kizuri wala kibaya. Akirudi, Pasi Moja alimuuliza mkewe, "Umeuonaje uso wake?" Mkewe alisema uso wa daktari ni kama ukuta uliopakwa rangi juzi, hauna cha kusoma. Ikawa kila asubuhi, kabla ya kitu chochote, anauangalia mguu. Aliangalia rangi ya kucha. Aliulinganisha na wa kulia. Akiwa mezani na pasi mkononi, macho yalikuwa yanapanda yenyewe juu ya kabati kwenye kile kiatu kipya, naye anayarudisha chini kwa nguvu.

Wiki ya nane mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Duka likawa na unyevu, nguo hazikauki, mkewe ameenda kutafuta mkaa mkavu. Pasi Moja aliushika mguu wake, akaukuta wa baridi. Baridi ya ndani, ya kitu kilichoachwa nje. Akasema kimoyomoyo, hao wafanyakazi wamekufa humo, au hawakuwahi kutumwa, nilidungwa maji. Na hofu, ndugu yangu, haina akili. Alichukua kitambaa cha kupigia pasi, akakikunja mara nne, akakipitishia pasi mpaka kikakauka. Akakipima kwa vidole. Kilikuwa vuguvugu tu. Akakifunga kwenye mguu, akavuta soksi juu yake, akaendelea na kazi.

Vuguvugu la vidole vya nani? Vidole vilivyozoea kugusa pasi ya moto miaka ishirini na sita. Hilo hakuliwaza hata kidogo.

Alifungua kitambaa alipomsikia mkewe anarudi. Ngozi ya pembeni mwa unyayo ilitoka na kitambaa. Kidole kidogo kilikuwa kimevimba lengelenge la rangi ya chai. Hakuhisi maumivu yoyote, na hilo ndilo lililomtisha kuliko jeraha lenyewe. Akarudisha soksi haraka, akavaa kiatu.

"Mbona umenyamaza?" mkewe aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Nguo ni nyingi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Pasi Moja alikuwa akiitumia methali hiyo kwa watu wengine vizuri sana. Sasa alijificha. Alifikiri daktari akiliona jeraha atamtoa kwenye utafiti siku hiyohiyo na kuandika neno moja tu kwenye karatasi: kata. Siku ya kliniki ilipofika alimwambia mkewe kwamba daktari amesafiri, tarehe imesogezwa. Jeraha alilifunga mwenyewe chooni. Lilianza kulowesha soksi, maji ya manjano yenye harufu. Lakini nani angemshinda dobi kwa kuficha doa? Maji ya baridi kwanza, kamwe si ya moto, kisha chumvi, kisha sabuni ya kipande, unasugua kwa kucha taratibu. Alifua soksi zake mwenyewe alfajiri, akazianika nyuma ya suruali za wateja. Siku kumi na moja mkewe hakujua. Katika siku hizo kidole kilibadilika kutoka rangi ya chai kuwa rangi ya mkaa, na yeye usiku hakulala, mchana hakula, na kila mtu aliyepita mlangoni amevaa koti jeupe, hata muuza maziwa, alimkatisha pumzi.

Siku ya kumi na mbili soksi haikukauka. Ilikuwa bado na unyevu, na watu walikuwa wanakuja. Akaiweka mezani akaipiga pasi. Mkono ulifanya wenyewe, kama unavyofanya kila kitu kinachowekwa mezani. Akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaiweka na nguo zake.

Mchana mkewe alitoka nyuma ya pazia na soksi mkononi. Hakuwa na uso wa utani.

"Baba watoto, hii ya nani?"

"Yangu."

"Imepigwa pasi."

Pasi Moja alitazama pasi, akatazama soksi.

"Nimekufulia miaka ishirini na sita," mkewe alisema. "Siku tuliyooana ulivaa suruali ina kunyanzi. Leo umenyoosha soksi?" Akaingiza mkono ndani yake, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Pembeni, karibu na kidole kidogo, kulikuwa na mduara wa manjano hafifu, usioonekana soksi ikiwa imelowa. Joto lilikuwa limeufunga. "Doa halipigwi pasi," alisema taratibu. "Umelioa wewe mwenyewe. Vua kiatu."

"Mama watoto, ngoja kwanza."

"Vua kiatu."

Alipouona mguu alikaa chini sakafuni palepale kwenye maji yaliyodondoka kwenye nguo. Hakumgombeza. Pasi Moja alisema baadaye kwamba angegombezwa ingekuwa afadhali. "Niliogopa," alimwambia. "Niliogopa nitakaa kwenye kile kiti."

"Na mimi je?" mkewe alisema. "Unadhani mimi sikioni kile kiatu?"

Hospitalini, daktari naye hakupiga kelele. Alilifungua jeraha, akavuta taa. Alipitisha kidude chake, na Pasi Moja alifumba macho asione uso. Kisha daktari akachukua kisu kidogo akaanza kuondoa ngozi iliyokufa pembeni mwa unyayo, na Pasi Moja akaruka kitandani.

"Inauma?" daktari aliuliza.

"Inauma."

Daktari akaacha kukata. Kwenye ukingo wa jeraha kulikuwa na damu, nyekundu, inajaa taratibu. Aliifuta, ikajaa tena. Mkewe akainama kuitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

"Miezi mitatu iliyopita nilikudunga kidole hiki, halikutoka hata tone," daktari alisema. "Hapa pembeni damu inafika. Kidole chenyewe kimekwisha, kiliungua. Lazima kitoke leo."

"Kwa hiyo ule uboho ulifanya kazi?"

"Sijui. Na mguu mmoja hauwezi kuniambia. Kama ulidungwa maji, basi damu imejitafutia njia yenyewe, labda kwa kuacha sigara, na hilo hutokea. Kama ulidungwa uboho..." Akafunga jeraha kwa kitambaa safi kabla ya kumalizia. "Basi huko ndani kuna waliokuwa wanajenga, na wewe huku juu ulikuwa unachoma."

Pasi Moja akauliza swali alilokuwa nalo tangu baba yake alipokatwa. "Utakata mpaka wapi?"

"Nitaanza na kidole. Nikikuta panatoka damu, naishia hapo. Pasipotoka, napanda."

"Unapanda mpaka wapi?"

"Mpaka itoke, mzee wangu."

Walimpiga ganzi ya mgongoni, chini ya kiuno pakawa si pake. Waliweka pazia la kijani juu ya kifua. Maisha yake yote alikuwa upande wa mbele wa pazia. Leo alikuwa nyuma, na kazi inafanywa upande asiouona. Alisikia chuma kikiwekwa kwenye sahani ya chuma. Alisikia daktari akisema, "Bado," na muda ukapita, na akasema tena, "Bado kidogo." Pasi Moja alihesabu: kidole, unyayo, kifundo, goti. Alihesabu akarudia. Alitaka kuuliza wamefika wapi, lakini aliogopa kujibiwa. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni, muuguzi akamfuta. Mwishowe hakusikia tena "bado." Hakusikia chochote.

Alipopelekwa wodini alilala akitazama dari. Mwili wote chini ya kiuno ulikuwa mzito na mbali, na shuka limefunika kila kitu. Mkewe alikuwa pembeni, ameketi kwenye ukingo wa kiti.

"Umeangalia?" Pasi Moja alimuuliza.

"Nilikuwa nakusubiri."

"Mimi siwezi. Angalia wewe."

Mkewe alisimama, akazunguka mpaka mwisho wa kitanda, akainua shuka. Akainama, akatazama kwa makini.

"Vinne," mkewe alisema.

"Vinne nini? Mguu je? Wamefika wapi?"

"Nimekwambia vinne, baba watoto. Vidole vinakaa wapi kama si mguuni?"

Hakuamini. Alimwambia ahesabu tena, akahesabu tena. Alimwambia ashike, akasema ameshika, na Pasi Moja hakuhisi kitu, akaanza kuogopa upya kwamba anadanganywa. Wakakaa hivyo, mke akiwa amesimama mwisho wa kitanda na mkono chini ya shuka, mpaka jua likahama dirisha moja kwenda jingine na ganzi ikaanza kumwachia, kwanza paja, kisha goti, na pole pole sana kikaja kitu kingine kutoka chini kabisa.

"Mama watoto."

"Naam."

"Mkono wako una baridi."